Mchagua Jembe Ndiye Mkulima: Beba Rula Ukienda Kununua Gitaa

Kuna uongo mmoja unaouzwa pamoja na kila gitaa kavu inayoingia hapa Bura. Hauongezwi kwenye bei, unapewa bure, na una maneno mawili tu: vidole vitazoea.

Ukisema nyuzi zimebanana hadi kidole kimoja kinazima nyuzi mbili, vidole vitazoea. Ukisema kidole cha mwisho hakifiki pale kodi inapotaka, vidole vitazoea. Ukisema kiganja cha kushoto kinawaka moto baada ya dakika kumi, kaza tu msee, vitazoea. Miezi sita baadaye gitaa iko juu ya kabati, imevaa vumbi letu hili tunalolijua, na wewe umeshajihesabu kati ya watu wasio na kipaji.

Mimi nakataa. Na leo nakataa kwa sauti, kwa sababu nimechoka kuiona hii kitu ikijirudia.

Msimamo wangu ni huu: wengi walioacha gitaa hawakukosa kipaji. Walipewa shingo isiyowafaa, halafu vidole vyao ndivyo vikalaumiwa. Na shingo ya gitaa si siri ya wazee wa Gasa, ati mpaka uapishwe ndiyo uambiwe. Inapimwa kwa rula ya shule.

Najua kuna mtu ameshaanza kucheka. Huyu si ndiye aliacha chuo mwaka wa pili, leo anatufundisha milimita? Ndiyo, ni mimi. Chuo niliacha, rula sikuiacha. Milimita tulifundishwa shule ya msingi, na kati ya moja na mbili bado ni vijimstari vile vile kumi. Kazi yangu sasa ni kupiga gitaa kavu, kurekodi kwa simu alfajiri kabla jua halijaanza kupiga mabati, na kupandisha video. Na kati ya watu wanaoniandikia inboksi, swali linalorudi kuliko yote si la kodi wala la wimbo. Ni hili: "Bro, vidole vyangu viko na shida gani?"

Vidole vyako havina shida. Kaa chini tupige hesabu.

Kwanza tuelewane kuhusu kudonoa

Kuna kucharaza na kuna kudonoa. Kucharaza ni ule mkono unaopanda na kushuka juu ya nyuzi zote sita, kama kwaya ikiingia kwenye pambio. Hapo hata uzi mmoja ukizimika nani atajua? Zile tano zinaufunika.

Kudonoa ni kazi nyingine. Gumba linashika besi, kidole cha shahada kinaimba juu, na kila uzi ukiitwa lazima uitike peke yake. Uzi mmoja ukizimwa na nyama ya kidole cha jirani, wimbo unabaki na pengo, na pengo hilo kila mtu analisikia. Ndiyo maana msee wa kucharaza anaweza kuishi na shingo yoyote ile, lakini msee wa kudonoa hawezi. Kwa hivyo ushauri wa mtu anayecharaza usiuchukue kama sheria ikiwa ndoto yako ni kudonoa. Anakuambia ukweli wa nyumba yake, na wewe huishi hapo.

Sasa angalia juu ya shingo, pale inapokutana na kichwa chenye vifungo vya kukazia nyuzi. Kuna kipande chembamba cha plastiki au mfupa, kina mifereji sita midogo, kila uzi unapita kwenye mfereji wake. Tukiite nati. Upana wa nati ndio namba ya kwanza ya kujua.

Gitaa nyingi za nyuzi za chuma zinazouzwa kwetu zina nati ya milimita 43. Yamaha F310, ambayo nadhani umeishika au umeiona kanisani, ni 43. Gitaa ya klasiki, ile ya nyuzi za nailoni, kama Yamaha C40, ni 52. Katikati kuna zile zinazotengenezwa kwa kuwafikiria wadonoaji: nyingi ni 44.5, na chache zinafika 46 na hata 48.

Milimita tisa ni nini, si ni kitu kidogo tu? Ngoja. Nyuzi haziwekwi ukingoni kabisa mwa shingo. Kwenye nati ya 43, kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita ni kama milimita 36. Nyuzi sita zina nafasi tano katikati yake. Gawa: kila nafasi ni kama milimita 7. Kwenye ile ya 52, nafasi inakaribia 9. Ncha ya kidole changu cha shahada ikilala ina milimita 15. Hata nikiisimamisha wima kama mlingoti, kwenye nafasi ya 7 inatafuta ugomvi na jirani. Kwenye nafasi ya karibu 9 inakaa kwa amani. Hiyo milimita moja na nusu ndiyo unayoambiwa utaizoea.

Mikono miwili, gitaa moja

Fikiria mikono ya hapa kwetu. Kuna kijana ambaye mchana kutwa yuko kwenye skimu, anapalilia mahindi na kuzibua mifereji ya maji. Vidole vyake ni vinene na ngozi ya ncha ni ngumu kama gamba la kobe. Uzi wa chuma haumuumizi hata kidogo. Shida yake ni nati nyembamba, kwa sababu kila akibonyeza uzi mmoja anagusa wa pili.

Halafu kuna msichana wa kwaya mwenye kiganja kidogo. Yeye nafasi kati ya nyuzi inamtosha na kubaki. Shida yake ni shingo nene isiyoingia mkononi, na freti zilizo mbali mbali hadi kidole cha mwisho kinabaki hewani.

Hizo ni shida mbili zinazopingana. Dawa ya huyu ni sumu kwa yule. Mpe kijana shingo nyembamba, umemuua. Mpe msichana shingo pana ya klasiki, umemmaliza. Na dukani wanauziwa nini? Gitaa ile ile.

Nilimsindikiza rafiki yangu mmoja dukani, mjini, duka lenyewe silitaji. Muuzaji aliangalia vidole vya huyo dada, akacheka, akasema gitaa inataka vidole virefu. Nikadhani basi atamtafutia ya kumfaa. Wapi! Akamshushia ile ile anayomuuzia kila mtu, akaisifu kwa sababu ilikuwa nyekundu. Sentimita hazikutajwa hata mara moja. Viatu anapimiwa, sare ya kwaya anapimiwa, gitaa anachaguliwa rangi.

Kwa sisi wa huku hiyo si mzaha. Gitaa ya Bura imetoka Mombasa, imepita Malindi, Garsen na Hola juu ya basi. Ukifika nyumbani ukagundua haikufai, hutarudi kesho kubadilisha. Nauli ya kwenda na kurudi peke yake inakula bajeti. Pesa ni za mavuno, au za kuchangisha na marafiki, au za kuweka kidogo kidogo kwa simu mwaka mzima. Mtu wa Nairobi akikosea gitaa anaiuza wiki hiyo hiyo na kuchukua nyingine. Wewe ukikosea umepoteza gitaa, umepoteza pesa, na mbaya zaidi umeamini kwamba mwenye kasoro ni wewe.

"Mchagua jembe si mkulima"

Ukilalamika, unatwangwa na hiyo methali. Mimi wazee nawaheshimu, lakini nauliza: aliyeisema alikuwa mkulima au muuza majembe?

Tembea kwenye skimu yetu uone. Kila mkulima ana jembe lake na hapendi kuliazima. Huyu anataka mpini mrefu kwa sababu ya mgongo. Yule ameukwangua mpini kwa kipande cha chupa mpaka ukamkaa mkononi. Mwingine, udongo ukishakauka na kuwa kama saruji, analiweka kando jembe bapa na kuchukua la meno. Hakuna anayewaita wavivu. Wanaitwa watu wanaojua kazi. Huku kwetu mchagua jembe ndiye mkulima, na gitaa ni jembe tu la kulima sauti.

Tena hiyo milimita 43 haikushuka kutoka mbinguni. Ina historia, na si ya zamani sana. Zamani gitaa za kampuni ya Martin ya Marekani zilikuwa na shingo pana, nati ikikaribia milimita 48. Mwaka 1929 mpiga banjo wa Atlanta aitwaye Perry Bechtel aliwataka wamtengenezee gitaa ya shingo ndefu, ya kumfaa mtu aliyezoea banjo. Wakamtengenezea moja yenye freti 14 kabla ya kufika kwenye mwili, na nati wakaipunguza hadi 44.5. Mwaka 1939 wakaipunguza tena kwenye gitaa zao kubwa, ikawa 43. Hizo zilikuwa enzi za kucharaza kwa piki, gitaa ikipigania kusikika katikati ya banjo na fidla.

Huko Uhispania nako, tangu karne ya 19, fundi Antonio de Torres na waliomfuata walishika njia yao: shingo pana, na urefu wa uzi kama sentimita 65. Wao walikuwa wanamfikiria mtu anayedonoa kwa gumba na vidole vitatu.

Kwa hivyo ukiambiwa 43 ndiyo saizi ya kawaida, uliza: kawaida ya nani? Mtu mmoja alipimiwa, na mimi na wewe tumerithi nguo zake.

Wanapoleta majina ya wazee

Hapo wakishindwa, wanakuja na hoja ya mwisho: "Mbona Mwenda Jean Bosco hakulalamika?"

Kwa wasiomjua: Mwenda Jean Bosco alitoka Katanga, Kongo, na aliimba Kiswahili. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki, alimkuta Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, akamrekodi. Kati ya nyimbo zake kuna "Masanga", ambayo hadi leo wapigaji wa gitaa dunia nzima wanavunjika vidole kujaribu kuiiga. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport huko Marekani. Sauti ya gitaa za Katanga ilipofika Kenya, ilikuta na vijana wa hapa wakiwa na yao. George Mukabi, wa upande wa Kakamega, ndiye jina kubwa la mtindo wa omutibo. Alifariki 1963 na bado tunamsikiliza.

Sasa tazama jinsi hao wazee walivyopiga. Mkono wa kulia walitumia vidole viwili: gumba na cha shahada. Basi. Gumba linatembea kwenye besi, cha shahada kinaruka juu, na wewe unayesikiliza unaapa kuna gitaa mbili. Methali inasema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini viwili vimejenga muziki mzima wa gitaa kavu Afrika Mashariki.

Hii inajibu hoja zote mbili kwa mpigo. Inawajibu wanaosema chombo hakina maana, kwa sababu wapigaji wa enzi hizo hawakukaa tu kungoja vidole vizoee. Walikibadilisha chombo. Walikaza na kulegeza nyuzi kufuata wimbo. Walichukua penseli au kijiti, wakakifunga juu ya shingo kwa uzi au mpira, na hiyo ikawa kapo, wakati kapo za dukani hata hazijulikani. Walichagua jembe.

Inawajibu pia mabingwa wa mtandaoni wanaopiga kelele kwamba chini ya milimita 44.5 huwezi kudonoa. Hiyo sheria inatoka kwa watu wanaotumia gumba na vidole vitatu, kila kidole kikikaa juu ya uzi wake. Vidole vinne vinataka uwanja mpana. Viwili vinavyoruka vinaweza kuishi kwenye uwanja mdogo zaidi. Kama unapiga omutibo, mkono wako wa kulia unaweza kufurahia gitaa ambayo bingwa wa Marekani ameitupa. Usinunue gitaa ya mtindo usioupiga.

Penseli moja, shingo mpya

Najua swali linalofuata: nishanunua, nifanye nini? Rudi kwa wazee, chukua penseli.

Shingo ya gitaa haina upana mmoja. Yangu kwenye nati ni 43, lakini kwenye freti ya 12 ni 54. Inapanuka kadiri unavyoshuka kuelekea mwilini. Na freti nazo zinazidi kukaribiana. Funga kapo kwenye freti ya tatu na nati yako imehamia hapo. Upana sasa ni kama milimita 46 na nusu. Urefu wa uzi, uliokuwa 634, umebaki kama 533. Mwendo wa kidole kutoka nati hadi freti ya nne ulikuwa milimita 131. Sasa ni kama 110. Sentimita mbili zimekatwa kwenye safari ya kidole cha mwisho, na nafasi kati ya nyuzi imeongezeka. Kijana wa skimu amepata kitu, msichana wa kwaya amepata kitu, kwa penseli moja na kipande cha tyubu ya baiskeli.

Utasema sauti imepanda, huwezi kuimba juu hivyo. Sawa. Legeza nyuzi zote sita kwa freti mbili kila moja, kisha funga kapo kwenye freti ya pili. Sauti inarudi pale pale ilipokuwa, nyuzi zimelainika, freti zimekaribia. Mwalimu anayejua hili halafu akakuambia "vidole vitazoea", sijui amekusudia nini.

Unapimaje dukani

Beba rula ya sentimita 30. Usione haya. Fundi nguo haoni haya.

Moja, upana wa nati. Weka rula juu yake, ukingo hadi ukingo. 43 au chini yake na una vidole vinene? Shika kwanza, donoa kwanza, usilipe kwanza.

Mbili, nafasi ya mkono wa kulia. Pima kwenye daraja, kule chini nyuzi zinapofungwa, kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita. Gitaa nyingi za chuma zinaanguka kati ya milimita 53 na 58, za klasiki zinakaribia 60. Ukidonoa kwa vidole vinne tafuta pana. Ukidonoa kwa viwili, usiumize kichwa sana.

Tatu, urefu wa uzi. Pima kutoka nati hadi freti ya 12, zidisha mara mbili. Gitaa kubwa zinacheza kati ya 630 na 650. Kama una kiganja kidogo, kuna gitaa fupi za watu wazima kabisa: Taylor GS Mini ni kama 597, Little Martin ni kama 584. Na mtu akikuambia gitaa ndogo ni ya watoto, mwambie John Lennon alipokutana na Paul McCartney mara ya kwanza, Liverpool, Julai 1957, alikuwa anapiga Gallotone Champion, gitaa ya bei rahisi ya saizi ya robo tatu. Ilitengenezwa Afrika Kusini na Gallo, kampuni ile ile iliyotoa santuri za Bosco. Kama haikumzuia Lennon, itakuzuia wewe?

Nne, unene wa shingo. Huu rula inausumbukia, mkono unaujua. Zungusha mkono wa kushoto, weka gumba nyuma ya shingo, sogeza vidole hadi uzi wa sita. Kifundo cha mkono kikipinda hadi kinauma, shingo ni nene kwako. Lakini nyembamba sana nayo si baraka kwa kila mtu. Mkono mkubwa ukiishika unajikunja kama ngumi, na baada ya nyimbo mbili unakakamaa. Kaa nayo dakika kumi nzima. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Tano, kimo cha nyuzi. Hii si ya shingo peke yake, lakini inaweza kukudanganya ukadhani shingo ni mbaya. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Panga kadi tatu chini ya uzi wa sita kwenye freti ya 12. Zikijaa hapo sawasawa, uko poa. Zikiingia tano bila hata kugusa uzi, hiyo gitaa inahitaji fundi kabla ya kuhitaji wewe. Gitaa nyingi za nyuzi za chuma zina chuma ndani ya shingo cha kuinyoosha ikipinda, na kwa joto la huku kwetu itapinda tu, hasa ukiiacha kwenye nyumba ya mabati mchana au juu ya basi. Uliza kama chuma hicho kipo, na kinakazwa wapi.

Na wimbo wa kujaribia? Wimbo wa Taifa. Sitanii. Huo muziki umetoka kwetu, Tana River: ni wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, ndio uliofanywa Wimbo wa Taifa mwaka 1963. Mwendo wake ni wa pole, kila sauti inasimama wazi, kwa hivyo uzi uliozimwa hauna pa kujificha. Gumba kwenye besi, cha shahada kwenye wimbo. Ukiupiga wote bila uzi kufa na bila mkono kulalamika, hiyo shingo ni yako. Faida ya pili ni kwamba kila mtu dukani atalazimika kusimama wima.

Kama unanunua kwa simu, sheria ni moja. Kabla ya kutuma hata shilingi, mwambie muuzaji aweke rula juu ya nati, apige picha, akutumie. Ya pili kwenye daraja. Ni dakika mbili tu. Akikataa, hakuuzii gitaa huyo, anakuuzia rangi. Na tukianza kuomba hizo picha sote, kuanzia Bura hadi Garsen, wataanza kuziweka wenyewe bila kuombwa. Muuzaji hufuata swali la mnunuzi, na sisi hatujawahi kuuliza.

Walimu wetu wa muziki, viongozi wa kwaya, kaka na dada mnaofundisha wadogo zenu chini ya mti: nawaomba kwa heshima, hilo neno "vitazoea" liwekeni kando kidogo. Ngozi ya ncha ya kidole huzoea, hiyo ni kweli, wiki chache inakuwa ngumu. Mfupa hauzoei. Kidole hakirefuki kwa sababu umekikemea, na hakikondi kwa sababu umekiombea. Mtoto akisema shingo inamuumiza, pimeni shingo kabla hamjampima yeye.

Na wewe uliyeacha, uliyeambiwa vidole ni vifupi, ni vinene, ni vya shamba, ni vya kike: gitaa iko pale pale juu ya kabati. Iteremshe, ifute vumbi, tafuta penseli na kipande cha tyubu, funga freti ya tatu. Halafu chukua rula uniandikie nati yako ni milimita ngapi. Hiyo namba ndiyo nataka kuiona kwenye inboksi wiki hii. Habari za kipaji tutazungumza baadaye.